Ghorofa ya Nazi

Baba yangu alikonda mpaka suruali zake zikaanza kumsahau. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyezipiga pasi. Kazi yangu ni kunyoosha nguo kwenye duka la dobi, na za Baba nilikuwa nikizibeba nikazilaze pale mezani, nizitie mstari wa mbele unaoweza kukata limau. Jioni namwona kazivaa, na ule mstari wangu wote unaning'inia hewani, haujapata hata goti la kuegemea.

"Baba, suruali imebaki peke yake humo," namwambia.

"Iache ipumzike. Imenibeba muda mrefu."

Tatizo lilikuwa mrija wa chakula, ule unaotoka kooni kwenda tumboni. Ulikuwa umebana, umekuwa mwembamba kama ule wa kunywea soda. Dawa yake ni operesheni, na hospitali wanaifanya. Ila daktari wa upasuaji alimtazama Baba, akaitazama mizani, akavua miwani. Akasema mwili huu hatauwekea kisu. Aongeze kilo tano kwanza, apate akiba ya kushindania. Asipoongeza, mrija utaendelea kubana, na itafika siku hata maji yatagoma kupita. Akavaa miwani yake, akaita mgonjwa mwingine. Sisi tukaondoka na kazi ya kumnenepesha mtu asiyeweza kumeza, yaani kujaza pipa kwa tundu la sindano.

Na mwenyewe hasaidii. Baba ni fundi wa plasta. Nyumba nyingi za mtaa wetu zimevaa ngozi aliyoipiga yeye kwa mkono wake. Mtu aliyezoea kusimama juu ya jukwaa akifoka aletewe mchanga, leo analetewa uji kwa kijiko cha chai, na anayeuleta ni mdogo wake wa kike.

"Fungua mdomo, kaka."

"Tangu lini nikafungua mdomo kwa amri yako?"

"Uji unapoa."

"Upoe. Upoe uende zake, una miguu."

Huyo anayeshika kijiko ni shangazi yangu. Alihamia kwetu Baba alipoanza kuumwa, na alipohamia, nyumba ikapungua chumba kimoja na kiti kimoja, maana Shangazi ni mwanamke wa nafasi. Ana presha, na kliniki walikwisha kumwambia mafuta yamejaa kwenye damu, apunguze mwili. Basi watoto wawili wa tumbo moja wanakaa meza moja, mmoja anabembelezwa ale, mwingine anabembelezwa aache. Ningekuwa Mungu ningewapangia upya, lakini sikuulizwa.

Isitoshe, moto ulikuwa umekuwa adui. Harufu ya kitu chochote kinachopikwa, hata kitunguu cha jirani, ilimgeuza Baba tumbo. Ukiwasha jiko, yeye anafunga mlango wa chumba chake, na hatoki mpaka sufuria ipoe.

Hospitali wakatupeleka kwa mtaalamu wa lishe. Mimi nilimwita Bwana Lishe, naye akalikubali jina kama vile alizaliwa nalo. Mwembamba, shati limenyooshwa vibaya mabegani, nikajizuia kumwambia. Mezani kwake kulikuwa na matunda ya plastiki yaliyopigwa vumbi.

"Mnampa nini?" akauliza.

"Uji."

"Mzito?"

"Mwepesi, ili upite."

"Dada, hapo mnampa maji yaliyotembelewa na unga." Akavuta ndizi ya plastiki akaishika kama chaki. "Nisikilize. Tumbo lake limekuwa dogo na njia ni nyembamba. Kila kinachopita lazima kiwe kimebeba mzigo. Mafuta ndiyo yanayobeba zaidi. Kijiko cha mafuta kina nguvu zaidi ya mara mbili ya kijiko cha sukari chenye uzito huohuo. Watu wote wanaokaa kwenye kiti hicho nawaambia wayapunguze mafuta. Baba yako ndiye wa kwanza mwezi huu ninayemwambia ayafuate."

"Kwa hiyo nimpe kitu laini, baridi, kisichonuka moto, na chenye mafuta."

"Unacho?"

"Nazi," nikasema.

Akafikiri. Akasema nazi inafaa kwa nguvu, ila peke yake haitoshi, haina protini ya maana, na mwili uliokonda unataka protini ujenge nyama. Niichanganye na maziwa ya unga, maziwa ya mgando, siagi ya karanga. Nitie na ndizi mbivu. Vyote vilainike mpaka visihitaji meno.

Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya hasikii, akakohoa. "Na sisi wengine tunaruhusiwa kuonja?"

Bwana Lishe akamtazama kwa upole wa mtu anayemfahamu mteja wake. "Wewe mama, kipande cha ukubwa wa kiberiti. Siku za furaha tu."

"Kiberiti kikubwa au kidogo?"

Ndivyo ilivyoanza ghorofa. Jina nilimpa Baba mwenyewe nafasi ya kulitoa, akakataa kushiriki, nikalitoa mimi. Nilikuna nazi kwa kibao cha mbuzi, nikakamua tui la kwanza tu, lile zito lisilojua maji, nikalilaza kwenye friji mpaka mafuta yake yakapanda juu na kuganda kama mashuka yaliyokunjwa. Chini ya bakuli la kioo nikaweka biskuti nilizoziloweka kwenye maziwa zikasahau kwamba ziliwahi kuwa ngumu, nimezivuruga na siagi ya karanga. Hiyo ndiyo sakafu. Juu yake ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando. Juu yake tena lile tui, nimelipigapiga na maziwa ya unga na maziwa mazito ya kopo mpaka likawa jeupe la kutisha. Kila ghorofa nailaza kwenye baridi ishike kwanza, ndipo nipandishe nyingine. Hakuna moto. Hakuna harufu. Ukilitazama bakuli kwa ubavuni unaona mistari yake, kahawia, manjano, nyeupe, na ukiinamia karibu unasikia ubaridi ukikupumulia usoni.

Nakiri lilinilewesha. Nilikaa sakafuni mbele ya friji iliyo wazi nikajiona nimekuwa mdogo, napanda ngazi ndani ya kile kioo. Chini kuna giza tamu la karanga na unyevunyevu wa nyumba mpya. Orofa ya kati ina mwanga wa saa kumi alasiri. Juu kabisa kuna ukumbi mweupe usio na samani wala sauti, hakuna daktari humo, hakuna mizani.

"Funga friji, umeme unakwenda bure," Shangazi akasema, nikashuka.

Siku ya kwanza iliharibika. Nilikuwa nimegeuka kutafuta sahani, na Shangazi, ambaye hawezi kuona kitu cha nazi hakijanyunyiziwa nazi juu, akanyunyiza. Chicha kidogo tu, alisema baadaye, cha urembo. Baba alimeza kijiko cha kwanza, unywele mmoja wa chicha ukakwama mlangoni mwa mrija, na kwa muda ambao sitaki kuukumbuka alikuwa akivuta hewa na hewa haiji. Nilimpiga mgongoni. Shangazi akapiga mayowe. Ulipotoka, Baba alijifuta machozi, akalisukuma bakuli.

"Mniache," akasema. Hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. "Nimeshiba ninyi."

Tangu hapo kijiko kikiingia chumbani, yeye anageukia ukutani. Anakunywa maji, maziwa kidogo, basi. Nilikuwa nikirudi kazini, naona macho yake yamerudi ndani kama watu waliohamia vyumba vya nyuma.

Ghorofa niliendelea kuitengeneza. Usiniulize kwa nini. Mtu akishika pasi muda mrefu anajua mkono lazima uendelee kwenda, ukisimama unaunguza. Nilitengeneza, Shangazi akala viberiti vyake, vikubwa, na majirani wakala zilizobaki wakanisifu.

Siku moja ya mapumziko yangu, Shangazi alipiga deki jikoni, akasogeza friji, na kipande cha tofali tulichokiweka badala ya mguu uliovunjika kikabaki nje. Hakuna aliyeona. Nikaweka bakuli langu humo na ghorofa ya juu ikiwa bado ni maji. Asubuhi nikalitoa, nikaliweka mezani, nikashangaa. Upande mmoja tui limepanda mpaka ukingoni, upande mwingine limeshuka mpaka ndizi zinachungulia. Limeganda hivyohivyo, limepinda kama kofia ya mlevi.

Baba alikuwa anapita kwenda kukaa dirishani, pale jua la asubuhi linapoingia. Akalipita bakuli. Akasimama. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kapiga hii?"

"Kapiga nini, Baba?"

"Huu mkono wa juu, tabaka la mwisho. Huku umepanda, huku umeshuka. Hii ndiyo kazi gani?"

"Baba, hicho ni chakula."

"Kikiwa chakula ndiyo kisiwe sawa?" Akavuta kiti. Akainama, jicho moja kalifumba, akatazama uso wa lile tui kutokea ukingoni. "Lo. Lete kisu kisicho na meno. Na maji kwenye kikombe."

Nikaleta. Akakilowesha kisu, akakikung'uta mara moja, na ule mkono uliokuwa ukitetemeka ukishika kikombe cha maziwa ukatulia. Sijui nilielezeje. Ulitulia kama maji yanavyotulia ukiacha kuyagusa. Akakilaza kisu karibu bapa, akaanza kuvuta kutoka palipopanda kuja palipopungua, taratibu, anarudi, analowesha, anavuta. Kisu kikijaa anajaza bonde. Bonde likajaa, na bado kisu kina lundo jeupe juu yake. Bila kutazama, akanyoosha mkono wa kushoto nyuma yake, mahali ambapo maisha yake yote palisimama mtu ameshika ubao wa kupokelea masalia. Hapakuwa na mtu wala ubao.

"Niweke wapi hii?"

"Usirudishe humo," nikasema haraka. "Kisu kimegusa ndizi, utachafua weupe."

Alikitazama kile kisu. Fundi hatupi udongo mzuri, na wala hauachi ugande kwenye chuma. Akatazama dirishani, akatazama mlango, kisha akaukomba kwa midomo, upesi, kama mtu anayeficha kitu. Nikaona koo lake likifikiri. Likapitisha.

Shangazi akafungua mdomo aseme. Nikamkanyaga mguu.

Baba akavuta tena, akapata masalia mengine, akayala. Alipomaliza, uso wa bakuli ulikuwa kama kioo, na ndani ya Baba kulikuwa na chakula kingi kuliko alichokula kwa siku mbili.

"Sasa ndiyo kazi," akasema, akaenda zake kwenye jua.

Shangazi na mimi tukala njama palepale, jikoni, tukinong'onezana kama wezi wa kuku.

"Mwanangu, uwe unaipindisha kila siku."

"Shangazi, mimi ni mnyoosha nguo. Mkono wangu haujui kupinda."

"Jifunze. Wanaume wawili wamekupinda wewe, umeshindwaje kuipinda nazi?"

Nikajifunza. Jibu lilikuwa kijiko, nakiweka chini ya bakuli kwenye friji, upande huu leo, upande ule kesho. Nilianza na ghorofa ya juu, kisha nikapata ujasiri, nikapinda na ya ndizi, nikamwita aitazame kabla sijaifunika. Hapo anakula masalia ya ndizi na maziwa ya mgando. Nikapinda hata sakafu. Kila masalia yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya jana, na Bwana Lishe, nilipomweleza kwa siri, alicheka mpaka akaangusha embe lake la plastiki. Akaniambia niongeze kijiko cha siagi ya karanga kwenye sakafu na maziwa ya unga kwenye tui, kwa kuwa mtu anayekula bila kujua anakula hajali anakula nini.

Zile wiki naziona sasa kama kitu kilichotokea chini ya maji. Baba anakaa mezani alasiri, pazia linavuta pumzi na kuiachia, kisu kinatembea juu ya weupe bila sauti. Macho yake nusu yamefumba. Mimi napiga pasi upande wa pili wa chumba, mvuke unapanda, na yeye anasema, hasemi nami hasa, anasema na ule uso ulio mbele yake.

"Kulikuwa na mama mmoja alitaka chumba cheupe. Nikamuuliza weupe wa chokaa au wa maziwa? Akasema hapana fundi, weupe wa ndani ya nazi. Nikamwambia huo una kijivu kidogo. Akasema ndiyo, huo huo."

"Ukaupata?"

"Nikaupata. Alihamisha kitanda katikati ya chumba asiguse kuta." Akakomba kisu, akameza. "Alikuwa anaingia humo anakaa tu. Mumewe akanipigia kelele, ati nimemroga mkewe kwa plasta."

Siku nyingine alisinzia kisu mkononi. Kidevu kimeshuka, mwanga wa bakuli umempanda usoni, na nilikuwa tayari kuapa kwamba hayupo pale, kwamba amekwisha ingia ndani ya kioo na yuko orofa ya tatu anapiga kuta. Shangazi alikaa kando yake akimpepea na gazeti, kwa mkono mwingine akijikatia kiberiti.

Mizani ikaanza kuongea lugha nyingine. Kilo ya kwanza, ya pili. Suruali zikamkumbuka. Kwenye kliniki iliyofuata Bwana Lishe alimzunguka Baba kama mtu anayenunua gari.

"Mzee, umebakiza kilo moja tu. Mkija tena ikitimia, daktari anakuandikia tarehe."

"Tarehe," Baba akasema.

"Ya operesheni."

"Naam."

Njiani nilimtania mshono wa koti lake, akalifunga vifungo vyote. Kesho yake nikatoa bakuli, nimelipinda vizuri kuliko siku zote, mteremko wa kuteleza. Nikaliweka mezani, nikarudi kwenye pasi yangu, nikimtazama kwa pembe ya jicho.

Akatoka chumbani. Akaliona. Akalipita.

Akaenda kukaa dirishani.

Nilidhani hakuliona. "Baba, imepinda hii."

"Naona."

"Si uinyooshe basi?"

"Iache ipinde."

Nimepata habari mbaya nyingi maishani. Nimepewa talaka kwa ujumbe wa simu nikiwa kwenye foleni ya mkate, na mkate nikaununua. Lakini sikuwahi kusikia kitu kilichonitia baridi kama baba yangu kusema hivyo. Nikachomoa pasi.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Shangazi alimwendea kwa kubembeleza, kisha kwa ukali, na ukali ukampotezea breki.

"Mtoto wa watu anakesha anakupindishia bakuli ili ule, na wewe unanuna!"

Nikamtazama Shangazi, naye akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, amechelewa.

Baba akageuka polepole. "Mnadhani sijui?" akasema. "Nimejua tangu siku ya pili. Anayepinda kwa kutojua anapinda ovyo. Huyu anapinda kwa mpango, leo kushoto, kesho kulia. Nikasema kumbe mtoto wangu ana mkono." Akageukia dirisha tena. "Nenda kapumzike, dada. Sina ugomvi na wewe."

Shangazi akaondoka. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Jua lilikuwa limelala juu ya magoti yake, juu ya mstari wa suruali yangu, uliokuwa umepata goti.

"Sasa kama ulijua, ni nini, Baba? Unaumia ukimeza?"

"Hapana. Inapita."

"Imekuchosha? Nibadilishe?"

"Ni tamu. Sukari imezidi, lakini ni tamu."

Nikasubiri. Kwetu dobi kuna madoa usiyoyasugua, unayaloweka tu unakwenda kufanya mengine.

"Nikifika hiyo kilo," akasema, "wananilaza kwa dawa." Akatazama mikono yake. "Najua kulala usingizi. Huo siyo usingizi, mama. Unazimwa. Naota kila nikisinzia. Niko kwenye nyumba nyeupe, natembea napiga plasta, na plasta haikauki. Naingia chumba kingine, kingine, vyote vibichi. Natafuta mlango nitoke nikanawe mikono. Kila penye mlango nimekwisha pafunika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nimepanyoosha mpaka siujui ulikuwa wapi."

Mzaha ulinijia, kama kawaida. Mimi mizaha hunijia hata msibani. Safari hii niliumeza.

"Na mimi naogopa," nikasema.

"Wewe?"

"Naogopa tangu siku ile ya miwani. Ndiyo maana sinyamazi."

Akanitazama muda mrefu. Sidhani aliwahi kufikiria kwamba kelele zangu zote zina kazi. Kisha nikasema lililokuwa moyoni, sikulipanga.

"Baba, ulipokuwa jukwaani, jioni imefika, umebakiza kipande kidogo cha ukuta. Ulikuwa unakiacha mpaka kesho?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiacha, hiki cha leo kinakauka, na cha kesho hakishikani nacho. Unabaki mstari. Hata upake rangi gani, mstari unaonekana. Mwenye nyumba anaamka nao mpaka anakufa." Nikaona ameona ninakompeleka, na amekasirika, na hana pa kupita. "Wewe mtoto ni mshenzi."

"Nimelelewa na fundi."

"Mkono unachoka, ujue. Jua linazama, mkono umekufa ganzi, huoni vizuri, na unaogopa utaharibu kazi nzuri ya mchana. Watu hawajui. Kile kipande cha mwisho kinapigwa na mtu anayeogopa." Akapangusa magoti yake, hakukuwa na kitu cha kupangusa. "Lete."

Nikaleta bakuli. Nikaleta kisu na maji, akavisogeza kando.

"Kijiko," akasema. "Cha supu."

Hakuunyoosha uso. Aliuacha mlima wake na bonde lake, akachoma kijiko palepale palipokuwa juu, akashuka nacho wima mpaka kikagonga kioo, na alipokiinua kilikuwa na ghorofa zote tatu juu yake, nyeupe, manjano, kahawia, zinatetemeka. Akala. Akafumba macho. Mrija ukafikiri, ukapitisha. Akachoma tena. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, analia bila kupiga kelele, jambo ambalo kwake ni muujiza.

"Dada, acha kunihesabia," Baba akasema, macho bado kayafumba. "Njoo uchukue kiberiti chako."

Kilo ikatimia. Tarehe ikaandikwa. Nitawaambia asubuhi yake tu.

Walikuwa wamemwambia tangu jana jioni asiguse kitu, hata maji. Tukamkuta wodini amekaa ukingoni mwa kitanda, kavaa gauni la kijani linalofungwa nyuma, lenye makunyanzi ya aibu, nikaanza kulinyoosha kwa viganja mgongoni mwake kwa kuwa sikuwa na pa kuweka mikono. Muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu. Akamuuliza maswali yake yote, akapima presha, akamuuliza kama ana lolote la kusema kabla hawajaondoka.

Baba alimtazama muuguzi, akanitazama mimi, uso umekunjamana kwa malalamiko ya kweli kabisa, ya mtu aliyedhulumiwa.

"Njaa inaniuma," akasema. "Hapa hamlishi watu?"

Muuguzi akaanza kumweleza kwa subira kwa nini mgonjwa hatakiwi kula. Baba akambishia. Shangazi akambishia pia, akimtetea kaka yake, sauti yake ikajaza wodi nzima. Mimi nilikaa juu ya kile kitanda walichomhamisha, kilikuwa bado na joto lake, nikacheka mpaka mgonjwa wa jirani akaniuliza kama niitiwe daktari. Nikamwambia hapana, asante, baba yangu ana njaa.

Walipokisukuma kile cha magurudumu, gurudumu la kwanza likalia, nikawasikia wakiondoka naye kwenye korido, na sauti yake ikaenda ikipungua, anamuuliza muuguzi wanamtoa saa ngapi, na akitoka, chakula ni nini.